Kabla ya kulaumu betri
Jioni ya redio: sayansi, siasa, kisha muziki. Sauti ikikwaruza, tusikimbilie kulaumu betri (ingawa baridi ya Makete nayo huzichosha mapema). FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo ukiwa bondeni upande wa Tukuyu, mlima unakukatia. Vuta antena hadi kama sentimita 75, sogea dirishani, izungushe taratibu. Masafa mafupi (SW kwenye redio) yangoje giza, ndipo mawimbi yake hufika mbali. Chagua bendi ya mita 49 (karibu 6 MHz), tandaza waya wa mita 10 nje, menya ncha yake, ibane kwenye antena kwa kibanio cha nguo. Bado kuna mvumo? Chomoa chaja ya simu, ndiye mchawi mara nyingi. Radi ikinguruma, waya utoke hapohapo, hata kama mjadala umenoga.