Funguo Ndani ya Friji

Jumapili usiku, Umoja, Nairobi.

Fomu ya mradi wa mwaka wa nne inarudishwa kesho kabla ya saa sita. Ina nafasi moja iliyonisumbua wiki nzima: "Jukumu unaloomba." Darasani tuko 31. Kwa hesabu ya waliokwisha kusema hadharani, 19 wanaomba kuongoza filamu, wengine kamera, wawili uhariri. Mimi nimeandika neno moja: sauti.

Nataka niandike hapa ni kwa nini, kwa sababu jioni Mama ameniuliza na sikumjibu ilivyostahili.

Mwaka wa pili tulipiga filamu ya dakika saba nyumbani kwa Shangazi, hapa hapa Umoja, upande wa Innercore. Ilikuwa hadithi ya mama na bintiye wanaogawana vyombo baada ya matanga. Maiki nilipewa kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka. Picha zilitoka safi. Mwanga wa dirishani tuliuchuja kwa shuka jeupe, na nyuso za wale waigizaji wawili zilikuwa kama zimechorwa. Tulirudi chuoni tukiwa na furaha isiyo kifani.

Kisha tukaketi kuhariri. Jikoni kwa Shangazi, hatua nne kutoka kwenye meza ya vyombo, palikuwa na friji. Siku nzima hakuna aliyeisikia. Sikio la mtu hulizoea jambo likaliacha lipite. Maiki haina mazoea. Na friji haingurumi mfululizo: kompresa huwaka, hutulia, huwaka tena. Kwa hiyo mama alikuwa akisema na mngurumo nyuma yake, binti akijibu katika kimya, mama akirudi na mngurumo wake, utadhani wanazungumza kutoka nyumba mbili tofauti. Tulijaribu kuuondoa kwa programu. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, na mvumo wa mashine za umeme hauishii hapo chini. Hupanda kwa ngazi, 100, 150, 200, mpaka unaingia pale sauti ya mtu inapoanzia. Kila tulipoukata tulikata na mtu. Mama wa hadithi yetu alibaki akiongea kama yumo ndani ya ndoo.

Disemba niliibeba filamu ile kwenye simu hadi Mtwapa, huko Pwani, kwa Nyanya. Nyanya ana mtoto wa jicho macho yote mawili, na runinga siku hizi anaifuata kwa masikio. Alikaa kwenye mkeka, simu ameikaribisha shavuni, akasikiliza dakika zote saba bila neno. Halafu akasema, "Mjukuu wangu, mbona mmewaweka watu wa msiba karibu na mashine ya unga?"

Nikamweleza habari ya friji. Akaitikia, kisha akauliza, "Na yule binti, mwisho pale, alisema nini?"

Mwisho pale ndipo ilipokuwa filamu yenyewe. Binti anasema, kwa sauti ya chini, kwamba hakuja kuchukua vyombo, alikuja kuaga. Nyanya hakuupata ule mstari. Mtu pekee katika ukoo wetu anayejua kusikiliza kwa dhati alikosa maneno matano niliyopewa mimi niyashike.

Naye si msikilizaji wa jana. Ni mtu wa redio. Alikuwa msichana wakati mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alipoanza "Je, Huu ni Ungwana?" mwaka 1966, na Jumapili baada ya Jumapili kipindi kile kilikuwa sehemu ya chakula cha mchana nyumbani kwake. Mbotela alipofariki Februari 2025, Mama alimpigia Nyanya simu kumpa pole kama anayempa pole mfiwa. Nyanya akamwambia kwamba sauti ile aliijua miaka mingi kabla ya kuiona sura, na sura ilipokuja haikumwongezea kitu. Maneno hayo nimeyatafakari sana. Sisi darasani tumefundishwa kwamba filamu ni picha zinazotembea. Kwa Nyanya filamu ni watu walioko chumba cha pili, na mlango uko wazi.

Tangu hapo nimejifunza kazi. Fundi mmoja tuliyekutana naye wakati wa atachimenti, yale mafunzo ya kazini, alinipa mbinu ambayo mafundi wa sauti huachiana: ukiizima friji ya mwenye nyumba, weka funguo zako ndani yake. Huwezi kuondoka bila funguo, basi huwezi kuondoka bila kuiwasha. Ndiye pia aliyenifundisha kuheshimu sauti ya chumba. Mkimaliza onyesho, kabla mtu hajakunja hata waya mmoja, wote husimama walipo na unarekodi kimya cha mahali pale, sekunde 60 kamili. Mhariri atakihitaji kimya hicho kuziba nyufa kati ya maneno, kwa sababu kimya cha chumba kimoja si kimya cha kingine. Chumba cha mabati kina kimya chake. Nyumba ya ghorofa ya tano mtaani Pipeline ina kimya chake, na ndani yake mna bomba la maji la jirani.

Kuomba kimya Nairobi ni kazi nzito kuliko nilivyodhani. Alfajiri ni adhana, halafu ndege aina ya kwarara wanaopita juu ya mapaa wakilia, halafu makanga wa matatu. Kuanzia saa mbili ni mjengo, maana hakuna mtaa usio na jengo linalopanda. Ukirekodi Lang'ata au South C, ndege ndogo za uwanja wa Wilson hazikupi dakika tatu. Jumapili usijaribu karibu na kanisa lenye spika. Nimejifunza kwenda mahali siku moja kabla, nikae na hedifoni, niandike: saa ngapi bodaboda hupungua, mbwa ni wa nani, shule iliyo karibu hutoka lini. Nimejifunza pia kuomba. Wiki tatu zilizopita fundi wa kuchomelea vyuma alinyamaza nusu saa nzima kwa ajili yetu, akaketi kwenye ngazi kutazama, na tulipomaliza akauliza kama aliharibu chochote. Nilimwekea hedifoni masikioni nikamchezea alichotuachia: majani ya mpapai, mtoto akicheka mbali. Alicheka na yeye.

Sasa Mama. Alirudi kutoka sokoni Mutindwa saa mbili usiku, miguu imevimba, akaiona fomu mezani.

"Sauti," akasoma. "Ndiyo nini hiyo?"

"Ni kurekodi, Mama. Wanavyoongea."

"Kushika ile fimbo?"

"Na fimbo ya maiki pia."

Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, nyanya na vitunguu vimekulipia karo miaka mitatu. Sikukatazi. Nauliza tu, hiyo fimbo italipa nyumba?"

Ana haki ya kuuliza, na hapa niandike mambo yalivyo. Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, kwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Mwajiri atakayeniandika Julai na kunilipa kila tarehe 30 sijamwona. Kazi yetu hulipwa kwa siku, na siku hazifuatani. Mwaka huu nimefanya siku 11 za usaidizi wa sauti, shilingi 3,000 kwa siku. Saba nimelipwa. Nne, za tangazo moja la Aprili, bado nazidai; nikipiga simu naambiwa mteja hajalipa. Nilisimama kwa muda wa saa kumi mikono juu kwa ajili ya siku hizo, na siku ya pili yake sikuweza kuchana nywele. Sasa nimejiwekea sharti: siendi seti bila makubaliano ya maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu wenye tarehe na kiasi.

Mpango wangu ni huu. Miaka miwili ya kwanza naitaka kwenye tamthilia za runinga zinazorushwa kila siku, kwa sababu pale ndipo kuna kazi ya mfululizo na ndipo mkono hupata ukomavu: maonyesho mengi kwa siku, na hakuna nafasi ya kurudia. Matangazo nitayachukua yakija. Pesa za kwanza zitanunua mashine ya mkono wa pili ya kurekodia, Zoom H6, ambayo ina matundu manne ya maiki, na maiki mbili za kubana kwenye nguo. Mwenye vifaa vyake hulipwa yeye na vifaa, na hiyo ndiyo tofauti ya kodi ya nyumba. Baada ya hapo ni filamu za hali halisi, ambako roho yangu iko, nikizunguka na watu wawili watatu kwenye gari moja.

Kuna jambo jingine ambalo sijawahi kulisema darasani. Filamu zetu zinazungumza Kiswahili cha watu wengi, na mara nyingi aliyevaa hedifoni hajali ni kipi. Mwigizaji wa Pwani akisema neno kwa utaratibu wake anaambiwa arudie "kwa sauti zaidi," na akirudia, lafudhi imeshakimbia, amebaki Nairobi mtupu. Nyanya hugundua mara moja. "Huyu si wa kwetu, amefundishwa." Mimi nimekulia Umoja nikilelewa na Kiswahili cha Mtwapa jikoni na cha barabarani nje, na masikio yangu yanavijua vyote viwili. Nikisogeza maiki sentimita kumi, yule mwigizaji hahitaji kupaza. Ni kitu kidogo na nakijua, na nakitaka kiwe kazi yangu ya maisha.

Haya yote Mama hakuyasikia jioni. Nilimwambia tu, "Italipa, Mama, pole pole," naye akaenda kulala.

Saa kumi na moja alfajiri sasa. Nimeizima friji, funguo zangu ziko juu ya trei ya mayai. Mashine ya kuazima iko kwenye meza, taa nyekundu inawaka. Mradi wangu utapigwa hapa sebuleni, na nilitaka kukijua kimya cha nyumba hii kabla ya kuleta watu. Sekunde ya 20, bomba. Sekunde ya 34, Mama amejigeuza kitandani, springi zikalia. Ya 52, kwarara wa kwanza. Nimeliandika faili jina: *Sebuleni kwa Mama, Jumatatu, kabla ya matatu.* Disemba nitakwenda nalo Mtwapa, nimwekee Nyanya sikioni bila kumwambia ni wapi.