Picha ya Babu

Jana tulipotoka kwa mama mkubwa wake, mwanangu alikaa kimya njia nzima. Tulipofika, tukiwa tunavua viatu mlangoni, akaniuliza: "Mama, mbona ile picha ya babu iko kwa mama mkubwa, sisi hatuna?"

Nikamwambia bibi ndiye aliyempa. Akauliza kwa nini. Nikamwambia akanawe mikono.

Ana miaka saba. Kwake yeye mama mkubwa amekuwepo siku zote, kama mlango wa nyumba. Hajui kwamba mwanzoni mwa 2019, yeye akiwa bado mchanga, mimi sikuwa na dada.

Wazo la kupima vinasaba lilikuwa la mdogo wangu wa kiume. Vichupa viwili vikaja kwa posta. Unakaa nusu saa bila kula, kunywa wala kupiga mswaki, kisha unatema mate mpaka yafike kwenye alama. Mate yanayotakiwa ni mengi kuliko mtu anavyodhani; kinywa kilinikauka kabla sijafika nusu. Unafunga kifuniko, dawa ya kuhifadhi inashuka ndani, unatikisa, unarudisha kwa posta. Tukasahau.

Majibu yalipotoka, mdogo wangu alikimbilia zile asilimia za asili ya mababu. Mimi nikafungua orodha ya ndugu. Wa kwanza alikuwa yeye mwenyewe, sentimogani 2,612, hicho ndicho kipimo cha vinasaba ambavyo watu wawili wanachangia, na ndivyo inavyokuwa kwa watoto wa baba mmoja na mama mmoja. Chini yake palikuwa na mwanamke nisiyemjua: sentimogani 1,784. Nikadhani nimesoma vibaya. Binamu wa kwanza huwa karibu na 870. Huyu alikuwa maradufu ya binamu.

Nikasoma maelezo usiku ule mpaka macho yakauma. Anayechangia nawe kiasi hicho, yaani kama robo ya vinasaba, anaweza kuwa bibi yako, shangazi yako, mpwa wako, au ndugu mliyechangia mzazi mmoja. Mashine inahesabu vipande tu. Nani alimzaa nani haijui. Lakini mwaka wake wa kuzaliwa ulikuwa pale. Alinitangulia kwa miaka minne. Bibi hawezi kuwa, na mpwa hawezi kuwa, maana mimi ndiye mkubwa nyumbani kwetu. Shangazi pia nilimtoa, kwa kuwa babu zangu wote wawili walikuwa wamekwisha kufariki alipozaliwa.

Ikabaki baba au mama. Baba alikuwa amefariki 2011. Mama yuko chumba cha pili, anakoroma taratibu.

Kwa siku mbili nilimtazama mama kwa jicho ambalo sikuwahi kumtazama nalo. Akiinama kumbeba mwanangu, najiuliza kama aliwahi kuinama hivyo kwa mtoto mwingine akamwacha. Akiniita, naitika kwa ukavu. Mara mbili aliniuliza kama naumwa. Sijawahi kumwomba radhi kwa siku zile, kwa sababu kuomba radhi kungenilazimu nimweleze nilichomdhania.

Usiku wa pili ujumbe ukaingia.

"Habari za jioni. Samahani kwa kukusumbua. Mimi nilipima miaka mitatu iliyopita na sijawahi kumpata ndugu wa karibu mpaka juzi mlipotokea ninyi wawili. Nadhani tumechangia baba. Ukiweza, fungua ukurasa wa kromosomu, shuka mpaka chini kabisa, utazame X. Usipotaka kunijibu nitaelewa, sitakuandikia tena."

Nilikuwa nimelala chali, mwanangu amelalia mkono wangu wa kushoto, ganzi imeshauingia. Nikafungua kwa kidole gumba cha kulia. Mistari ikajipanga, ishirini na miwili, mmoja chini ya mwingine, kila mstari kromosomu moja, yaani uzi mmoja unaobeba vinasaba. Kila mmoja una vipande vya rangi na vipande vya kijivu: rangi ni pale tulipopokea kitu kilekile, kijivu ni pale tulipoachana. Mstari wa kwanza una rangi mwanzoni, kijivu katikati, rangi kidogo mwishoni. Wa pili karibu wote kijivu. Nikashuka polepole. Wa tisa. Wa kumi na nne. Hakuna uliokuwa mzima.

Halafu nikafika chini, kwenye X.

Ulikuwa umejaa. Kutoka ncha hadi ncha, rangi tupu, hakuna hata pengo la unywele. Nikaukuza kwa kidole nikitafuta mkatiko. Hakuna. Nikafungua ulinganisho wake na mdogo wangu, nikashuka mpaka kwenye mstari uleule: mtupu kabisa, kijivu mwanzo mpaka mwisho.

Akanieleza baadaye, kwa ujumbe mrefu wa sauti, na nilimsikiliza kama mtoto anayesimuliwa. Mama ana X mbili, na kabla hajampa mtoto huzichanganya, akakata hapa akaunga pale, kwa hiyo watoto wake hufanana kwenye X vipande vipande. Baba ana moja tu. Hana ya kuchanganya nayo. Akimzaa binti humpa yote kama ilivyo, na akimzaa binti mwingine humpa ileile. Mwanawe wa kiume hapewi X kabisa, anapewa Y. Ndiyo maana kwangu ulijaa na kwa mdogo wangu ukawa mtupu.

Lakini usiku ule, kabla ya maelezo yote, nilikuwa na ule mstari tu. Niliuelewa nusu, na nusu ile ilitosha kunitoa machozi. Kwanza kwa ajili ya mama, aliyekuwa amelala ng'ambo ya ukuta bila hatia yoyote. Kisha kwa ajili ya baba. Alikuwa na kitu kimoja cha kuwapa binti zake, akampa mwenzangu chote, miaka minne baadaye akanipa mimi chote. Kilikuwa ndani yangu tangu siku ya kwanza.

Kwa mama bado mimi ni kifungua mimba. Kwa baba nilikuwa nimeshuka hadi nafasi ya pili. Baba alipenda kunishika bega mbele ya wageni na kusema, "Kabla ya huyu, hakuna aliyeniita baba." Nimeigeuza sentensi ile mara nyingi. Ni kweli kama hakujua kitu. Ni kweli vilevile kama alijua kila kitu.

Dada alilelewa na bibi yake. Mama yake alifariki bila kumtajia jina la baba. Mambo mengine yalikwenda haraka: simu, picha, mdogo wangu kulia kwenye simu, kuonana kwa mara ya kwanza na kutojua mikono tuiweke wapi. Kuna neno watu walilitumia mbele yangu, "mtoto wa nje", na lilinichoma. Nje ya nini? Alizaliwa baba hajamjua mama yangu. Hakukuwa na nyumba ya yeye kuwa nje yake. Aliniuliza jambo moja tu kuhusu baba siku ile, kwamba alikuwa anacheka vipi, na nikajikuta siwezi kueleza. Kicheko hakielezeki. Nilijaribu kukiiga, na yeye akacheka, na kilikuwa kilekile.

Mama nilimwambia baada ya mwezi mzima. Alikuwa amekaa kitandani anakunja nguo za mwanangu. Nikasema yote kwa pumzi moja: kipimo, mwanamke, baba. Hakushtuka. Aliuliza kama mama wa huyo mwanamke yuko hai. Nikasema hapana. Akanyamaza, akamaliza kukunja kijishati alichoshika, akainuka, akavuta bahasha chini ya sanduku. Ndani mlikuwa na picha ya baba ambayo sijawahi kuiona: kijana, mwembamba, mkono mmoja mfukoni, anatazama kando.

"Mpelekee," akasema. "Hii ni ya miaka yake."

Sikuwa nimemwambia mama mwaka aliozaliwa dada.

Nilisimama pale na picha mkononi. Swali lilikuwa mdomoni, zima, linasubiri kutoka. Mama akachukua nguo nyingine, akainyoosha juu ya goti kwa kiganja, akaanza kuikunja.