Kipande kimoja, chupa mbili

Jumatatu moja asubuhi kijana wa bodaboda aliniletea chupa ndogo kutoka hospitali moja ya hapa Dar es Salaam, na kabla sijafungua kifuniko vizuri harufu ilishaniambia kuwa ndani mna fomalini, dawa ya kuhifadhia tishu. Karatasi iliyofuatana nayo iliomba imunofloresensi, yaani kipimo cha kutafuta kingamwili kwa rangi inayong'aa, kwenye ngozi ya mama mwenye malengelenge kinywani na kifuani. Sikuweza kuifanya kazi hiyo, kwa sababu fomalini huzifunga protini za tishu kiasi kwamba kingamwili tunazozitafuta hazinaswi tena kwa njia yetu ya kawaida. Ilibidi mama arudi akatwe kipande kingine.

Jambo hili linaniuma kwa kuwa kipimo chenyewe kina uwezo mkubwa. Msingi wake uliwekwa na Albert Coons na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ambao mwaka 1941 walieleza namna ya kuifungamanisha kingamwili na kemikali inayong'aa bila kuipotezea uwezo wa kuitambua antijeni yake, yaani kile inachokilenga. Siku hizi hutumika sana fluoreseini, ambayo ikimulikwa kwa mwanga wa buluu hutoa mwanga wa kijani. Tishu mbichi hugandishwa, hukatwa kwa mashine yenye baridi ya takriban nyuzi 20 chini ya sifuri katika vipande vyembamba vya mikromita chache tu, kisha humwagiwa kingamwili zenye rangi hiyo, zinazonasa IgG, IgA, IgM (aina za kingamwili za mgonjwa mwenyewe) au C3 (protini nyingine ya kinga) iliyojikusanya mahali isipostahili kuwapo.

Si kung'aa tu kunakotoa jibu, bali pia mahali na umbo la mng'ao. Kwenye pemfigasi, ugonjwa mmoja wa malengelenge, IgG huzizunguka seli za tabaka la juu la ngozi, ukaona kama wavu wa mvuvi uliotandazwa. Kwenye pemfigoidi, ugonjwa mwingine wa malengelenge, mng'ao ni uzi mmoja unaopita mpakani mwa tabaka hilo na lile la chini yake. Figo nazo zina mambo yao: ugonjwa wa IgA, ulioelezwa na Jean Berger wa Ufaransa mwaka 1968, hauthibitiki kwa rangi za kawaida peke yake, kwa kuwa ni lazima IgA yenyewe ionekane imejaa ndani ya vichujio.

Siwalaumu madaktari wanaoshika chupa ya fomalini, maana kwa histolojia ya kawaida, yaani kuitazama tishu kwa hadubini, ndiyo hasa inayotakiwa. Ninachoomba ni chupa ya pili: kipande kingine kiwekwe kwenye maji ya chumvi kama kitanifikia ndani ya saa 24, au kwenye kimiminika cha Michel, ambacho huihifadhi tishu kwa siku kadhaa bila friji. Tena kipande hicho kikatwe kando ya lengelenge, si katikati yake, kwa kuwa penye lengelenge lenyewe ngozi imeshaharibika na kingamwili huenda zimeshaliwa.

Safari ya pili sampuli ya yule mama ilifika na chupa zote mbili. Nilizima taa, nikasogeza slaidi taratibu, na wavu wa kijani ukajitokeza waziwazi, seli kwa seli. Mng'ao huu hufifia kadiri unavyomulikwa, kwa hiyo nilipiga picha kwanza, ndipo nikamwita daktari wa patholojia aje atazame.