Siku moja kliniki: kukaza si kushika

Saa 1:30 asubuhi. Nafungua picha za CT (eksirei za pande tatu) za wagonjwa wa leo, wote wa vipandikizi: skrubu za titani zinazowekwa kwenye mfupa wa taya badala ya mzizi wa jino. Natafuta kwanza ukuta wa mfupa wa upande wa nje, unaoelekea mdomo au shavu. Kwenye meno ya mbele ya juu, mara nyingi unene wake haufiki hata milimita 1.

Saa 2:30. Kijana, jino la mbele limevunjika hadi mzizini. Nalitoa taratibu, ukuta umebaki mzima, usaha hakuna, kwa hiyo kipandikizi kinaingia papo hapo. Tundu la jino ni pana kuliko skrubu yenyewe, hivyo kinachoibana ni mfupa wa chini na wa nyuma tu. Pengo la mbele nalijaza chembe za mfupa. Kipimo cha nguvu ya kukazia kinasoma nyutoni-sentimita 35.

"Daktari, kumbe limeshashika!"

Bado, limekaza tu. Mfupa uliobanwa na kuguswa na keekee hufyonzwa kwanza, ndipo mpya unaota na kugandana na titani. Katikati hapo, kwenye wiki ya tatu au ya nne, kipandikizi huwa kimelegea kuliko siku kilipowekwa. Balaa ni kwamba maumivu yanakuwa yameisha, na mtu anaanza kutafunia upande huohuo.

Saa 4:00. Mama aliyeng'olewa gego lenye usaha wiki sita zilizopita. Fizi imefunga, nyama ya kushonea ipo, uchafu umekwisha. Kwa jino lililokuwa na usaha, huu ndio wakati ninaoupenda. Mfupa wa ndani bado mchanga, nao hauvumilii joto: ukifika nyuzi 47 kwa dakika moja unaharibika. Keekee inakwenda polepole, maji ya chumvi yanamwagika muda wote.

Saa 6:30 mchana. Mzee wa miaka mingi bila jino. Hapa mfupa umepona kabisa na skrubu inabanwa pande zote, lakini taya limekonda. Baada ya kung'oa, upana unaweza kupungua karibu nusu ndani ya mwaka, sehemu kubwa ikienda miezi mitatu ya mwanzo. Itabidi tuongeze mfupa kwanza. Amenuna, na namwelewa.

Saa 9:00. Ukaguzi wa miezi mitatu. Kifaa cha mtetemo kinatoa 74 kati ya 100. Siku ya kuweka kilitoa 66. Namba hiyo hupima ugumu wa mshiko tu, lakini ikipanda hivi naagiza jino la kudumu.

Saa 10:00. Mama mwingine, aliyewekewa kipandikizi kliniki nyingine, wiki ya tano, amekuwa akitafunia tangu mwanzo. Nagusa kwa bisibisi, kipandikizi kinazunguka. Kati yake na mfupa imeota nyama laini, na ikishaota hivyo hakirudi kushika. Nakitoa kwa vidole, nasafisha tundu. Anauliza kama kingine kinaweza kuingia leo leo. Namwambia tuache mfupa ujae, tunapanga tarehe ya picha nyingine.