Injini ilizima karibu na bwawa la Nyumba ya Mungu, hivi ndivyo nilivyoishusha ndege

Naandika hii kwa ajili ya wadogo zangu wanaojifunza urubani huku Moshi na Arusha, maana mimi mafuta yaliniishia hewani nikiwa peke yangu, solo ya masafa, yaani safari ndefu bila mwalimu, Moshi kwenda Tanga na kurudi, Cessna 172 ya zamani yenye kabureta.

Kosa lilianzia chini. Daftari la ndege lilisema kuna galoni 30, geji zikaonesha kama zinakubali, nikapiga hesabu ya galoni 8 kwa saa mara saa tatu nikaona zinabaki sita, safi. Kijiti cha kupimia tenki hakikuwemo kwenye ndege na sikwenda kukitafuta. Kwenda Tanga upepo wa kusi ukanipiga usoni njia nzima, safari ikarefuka, halafu mikscha, ule mchanganyiko wa mafuta na hewa, niliiacha ritchi, yaani mafuta mengi, mwanzo mwisho kwa kuogopa kuigusa bila mwalimu, na ikikaa hivyo injini inakunywa zaidi ya zile 8. Kuna ile Boeing 767 ya Air Canada, Julai 1983, geji zake zilikuwa hazifanyi kazi wakategemea hesabu, wakachanganya pauni na kilo, injini zote zikazima ikabidi waielee mpaka Gimli. Hiyo stori nlikuwa naijua kabla.

Nimerudi nimeshaipita Same, niko futi 4,500, Mwanga kulia, bwawa mbele kushoto. Injini ikakohoa, ikarudi, ikakohoa tena ikanyamaza, propela inazungushwa na upepo tu, na ghafla nasikia hewa inavyopuliza kwenye ukingo wa mlango.

Mkono ulitaka kuvuta usukani jamani. Ukivuta spidi inakufa, ndege inastoli, mbawa zinaacha kuibeba, basi. Nikasukuma pua chini mpaka spidi ya noti 65 nikaishikilia hapo kwanza, ndo nikagusa vingine, swichi ya tenki iko zote mbili, hewa ya moto ya kabureta, magneto za kutoa cheche, kimya. Ardhi ya pale iko kama futi 2,200, na 172 ikielea bila injini, kila futi 1,000 za kushuka inakupa kama maili moja na nusu mbele, kwa hiyo nlikuwa na maili tatu hivi wakati uwanja wa Moshi uko zaidi ya 20. Nikaacha kuuwaza.

Barabara ina nguzo za umeme, ukingo wa bwawa ni tope litakalomeza tairi la mbele. Nikaona malisho, nyasi fupi, ng'ombe wako upande mmoja. Kilichonisaidia sana ni moshi wa wavuvi wa upande wa Lang'ata wanaokausha samaki, ulikuwa umelala kuelekea mlimani, maana yake upepo uko mgongoni kwangu, nikitua hivyo hivyo naingia kwa kasi kubwa. Nikazunguka nikaukabili. Nikaita meidei ya kuomba msaada redioni mara moja, nikakaza mkanda, flapsi za mbawa, zinazopunguza kasi, nikazishusha pale tu nilipoona hata iweje nafika, nikafunga mafuta, magneto na umeme, mlango nikauachia kidogo usije ukabana.

Matairi ya nyuma yakagusa, nikaishikilia pua juu mpaka ikashuka yenyewe, tairi la mbele likapiga kichuguu likapasuka, ndege ikasimama.

Mzee mmoja akafika na fimbo yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Pole mwanangu, humo ndani uko peke yako?"

Sikuweza kumjibu, nikaitikia kwa kichwa, akanishika mkono tukaenda kukaa kwenye kivuli cha mgunga mpaka mwalimu akaja na mafundi jioni.

Mwalimu alikuja na kijiti. Akapanda, akakizamisha tenki la kushoto kisha la kulia, akanionesha bila kusema kitu, kikavu, nchani tu kuna unyevu wa bluu wa avgasi, petroli ya ndege, yale mabaki ya chini ambayo injini haiwezi kuyavuta. Niliomba kile kijiti nikapewa. Nimekichonga alama mwenyewe, galoni tano tano, na kinakaa kwenye begi langu pamoja na ramani.