Treki ya Tatu

Mtoto ameanza kuhesabu. Jana jioni alikuwa anahesabu vifungo vya shati langu, akafika saba, kisha akaniangalia.

"Baba, kabla ya moja kuna nini?"

"Sifuri."

"Mbona sasa hatuanzi na sifuri?"

Mama yake akacheka. Mimi nilinyamaza, maana swali hilo lilishawahi kunikesha.

Ulikuwa ule msimu wa MCP, itifaki ya kuunganisha akili mnemba na programu nyingine. Itifaki yenyewe ilitoka Novemba 2024, na haikuchukua muda kila niliyemfahamu akawa anaunganisha wakala wa akili mnemba, yaani programu inayotenda kazi kwa kuagizwa, na kitu fulani, kalenda, barua pepe, chochote. Mimi na ugonjwa wangu usiopona wa muziki nikamuunganisha na REAPER, programu ya kurekodi na kuhariri muziki. Nilimpa zana 14 kwa jumla, kila moja kwa kazi yake. Kuandika kodi ya programu hakukunisumbua. Kilichonisumbua ni maelezo, kwa sababu wakala haoni skrini. Anapewa jina la zana, maelezo yake na vigezo vyake, basi, na kwa maneno hayo anaamua aguse nini.

Zana ya sauti niliiandikia aya nzima. Kwamba thamani 1 ni desibeli 0, kwamba 0.5 ni kama desibeli 6 chini, kwamba hii si asilimia, asije akaniletea 80 nikiwa nimevaa hedifoni. Zana ya noti nayo nikaifafanua: noti 60 ya MIDI, mfumo wa kuandika noti kwa namba, wengine huiita C3, wengine C4, kwa hiyo tuma namba, usitume jina. Nilijiona mwalimu.

Zana ya kufuta niliiandikia hivi: "Hufuta treki. Kigezo: namba ya treki."

Treki ni safu moja ya sauti katika mradi, na nilijua kwamba ndani kule ya programu treki ya kwanza ni 0, ilhali skrini inaiandika 1. Nililijua jambo hilo kiasi kwamba halikunijia hata kidogo kuliandika.

Usiku huo mradi uliokuwa wazi ulikuwa wa yule dada mwimbaji. Kutoka juu: ngoma, besi, sauti ya mfano, sauti yenyewe, kinanda, gitaa. Sauti ya mfano ni ile aliyoguna kiitikio kabla mashairi hayajakamilika. Haikuwa na kazi tena. Nikaandika: "Futa treki ya tatu."

Nikaona kwenye kumbukumbu za programu, namba: 3. Halafu utepe wa kijani, ule wa sauti yenyewe, ukatoweka. Kinanda na gitaa vikapanda juu nafasi moja, taratibu, kama watu kwenye foleni. Wakala akaniandikia kwamba tayari, treki ya tatu imefutwa. Nami nilikuwa bado naiangalia treki ya tatu, ipo pale pale na jina lake.

Nikabonyeza kucheza. Ngoma ikaingia, besi ikafuata, na mahali pa shairi ikaja "mmh, na-na-na", kiti kikalia, mtu akakohoa mbali na maikrofoni. Ajabu ni kwamba sikusimamisha. Nilisikiliza kiitikio chote, mkono ukiwa juu ya kipanya.

Kisha nikafanya jambo la kijinga zaidi. Nikamwandikia: "Umefuta isiyo yenyewe. Nimesema ya tatu!" Akaomba radhi kwa adabu kuliko watu wengi ninaowafahamu, akatuma tena 3. Kinanda kikaondoka.

Hapo badala ya kutengua, nikaifunga programu kwa hofu. Na kwa ujanja wangu mwenyewe, nilikuwa nimeiagiza kila zana ihifadhi mradi ikimaliza kazi. Nilipofungua tena, historia ya kutengua haikuwepo. Mafaili ya sauti, ya WAV, yalikuwa salama kwenye diski, kufuta treki hakufuti rekodi. Kilichopotea ni mikato, jioni mbili za kuchagua pumzi hii na kuacha ile. Nikaiunga upya mpaka kukapambazuka.

Siku chache baadaye dada akanipigia. "Kaka, pale kwenye kiitikio pumzi yangu umeipeleka wapi?" Nikamwambia programu ilikorofisha. Sijui kama ni uongo. Wakala alitii nilichoandika, programu ilitii alichotuma, nami niliandika maneno sita.

Maelezo ya zana ile sasa ni marefu kuliko kodi yake: namba huanzia 0, inayoonekana ya 1 kwenye skrini hapa ni 0, soma orodha kwanza, tuma na jina la treki. Jina lisipolingana na namba, haifuti. Dada hajui lolote kuhusu hilo.

Basi jana nikamwambia mtoto, haya, jaribu kuanza na sifuri. Akashika kifungo cha juu, "sifuri", akateremka nacho kimoja kimoja mpaka cha mwisho. Sita. Akavitazama tena kwa mashaka, akainua uso.

"Baba, kimoja kimepotea."