Dagaa Mmoja kwa Hatua Moja: Nilivyomsaidia Mbwa Mwoga Shambani Kiboje

Mvua za masika zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza nilipomkuta mbwa jike amejificha chini ya uchaga wa kukaushia nazi katika shamba letu la Kiboje. Alikuwa na rangi ya bungo bivu, mbavu zake zinahesabika, na sikio lake la kushoto lilikuwa na kidonda kilichokwisha kukauka. Nilipoinama kumtazama hakubweka wala hakukimbia. Alijibana zaidi kwenye jiwe la msingi, akageuza uso pembeni hata nikaona weupe wa jicho lake, akatetemeka mwili mzima, na mkojo ukamtoka hapo hapo alipolala. Nilifundisha baiolojia katika shule za sekondari hadi nilipostaafu, na wanyama nimewasoma na kuwasomesha kwa muda mrefu, lakini hofu ya namna ile sikuwahi kuiona kwa karibu.

Niliamua abaki. Kima walikuwa wanatumalizia ndizi na mahindi, na shamba lilihitaji mlinzi. Kwetu Unguja kufuga mbwa ni jambo la kuangaliwa kwa makini, kwa sababu mate yake ni najisi nzito katika madhehebu ya Shafi tunayoyafuata wengi wetu, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Hata hivyo mbwa wa kulinda shamba, wa kulinda mifugo na wa kuwinda ameruhusiwa, na kila mtoto aliyepita chuo cha Kurani amesikia habari za yule mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake na kumnywesha mbwa aliyekuwa akila udongo kwa kiu, akasamehewa madhambi yake. Nikamwita Bungo, nikatenga nguo za kuvaa shambani tu, nikaweka ndoo ya maji na udongo safi karibu na mlango wa banda.

Jambo la kwanza nililolifanya lilikuwa kosa, na ninalieleza kwa kirefu kwa sababu nimeona wengi wakilirudia. Mtu mmoja anayefahamika kwa kufundisha mbwa wa ulinzi alinishauri nimfunge Bungo kando ya njia ili azoee watu, na akionesha ukaidi nimchape. Kumchapa sikuweza, lakini kumfunga nilimfunga, chini ya mwembe ulio karibu na njia wanayopita watoto wa skuli, wachukuzi wa nyasi na vijana wa vespa. Asubuhi alijirusha mpaka kamba ikamkata manyoya ya shingo. Kufika adhuhuri alikuwa amelala kimya, macho wazi, hageuki hata mtu akipita kwa hatua tatu, nami nikafurahi nikidhani amezoea. Jioni nilimfungua, nikamwekea chakula, hakukigusa. Kesho yake hakula pia, na nilipomsogelea aliningurumia kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekata tamaa siku ile, na mimi nilikuwa nimeita hali hiyo utulivu. Mnyama asiyeweza kukimbia wala kujitetea huganda, na hofu yake inabaki ndani kwa ndani. Kwa siku moja nilikuwa nimemfundisha kwamba mimi ndiye mtu anayemfunga mahali pa kutisha kisha akaondoka.

Nilimwita daktari wa mifugo, naye akaanza mahali ambapo mimi nilipaswa kuanza, yaani kwenye mwili. Mbwa mwenye maumivu huogopa kuguswa na hafundishiki mpaka maumivu yatibiwe. Alimtibu sikio, akampa dawa ya minyoo na ya kupe, na akamchanja chanjo ya kichaa cha mbwa.

Kazi yenyewe ilianza na dagaa. Dagaa wetu huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na chumvi nyingi haimfai mbwa, kwa hiyo niliwaroweka usiku kucha, nikamwaga maji, nikawaanika tena juani na kuwakata nusu nusu. Kwa kuwa sikutaka mate yake yafike mikononi mwangu, sikumlisha mkononi hata siku moja. Nilikaa kwenye kigoda umbali wa hatua kumi, ubavu wangu ukiwa upande wake na macho yangu kwenye mnazi, nikamrushia kipande kimoja kimoja chini. Sharti hilo la tahara, ambalo mwanzo niliona litanizuia, ndilo lililonionesha njia iliyo sawa, kwa maana mbwa mwoga anahitaji nafasi kuliko anavyohitaji kupapaswa.

Siku tatu za mwanzo hakula mpaka nilipoondoka. Siku ya nne alitoka chini ya uchaga, akanyoosha shingo kadiri ilivyoweza kufika, huku miguu ya nyuma imebaki palepale, tayari kumrudisha alikotoka. Alikichukua kipande kwa ncha ya midomo na kurudi nacho gizani. Hapo ilinijia tamaa ya kumvuta karibu zaidi kwa kuangusha kipande kinachofuata miguuni pangu, na nashukuru kwamba nilijizuia. Njaa humleta mbwa mahali ambapo moyo wake haujakubali kufika, na akimaliza kumeza hugundua kwamba yuko karibu mno na kitu anachokiogopa, akashtuka kuliko mwanzo. Mimi nilifanya kinyume chake, nikawa namrushia kipande nyuma yake, ili akigeuka kukifuata apate ahueni ya kuwa mbali nami, kisha arudi mwenyewe kwa hiari yake. Kila aliporudi alirudi karibu kidogo zaidi, pasipo mimi kusogea. Kwa wiki tano umbali wetu ulishuka kutoka hatua kumi hadi mbili.

Nilikuwa nimeyasomesha haya ubaoni miaka mingi bila ya kuyatumia. Ivan Pavlov wa Urusi, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya usagaji wa chakula tumboni, alionesha kwamba mbwa hutokwa na mate kabla hajaonja chochote, mara tu anapopata dalili kwamba chakula kinakuja. Dalili na chakula vikifuatana mara nyingi, mwili huanza kuipokea dalili kama unavyokipokea chakula. Basi ikiwa dalili hiyo ni mtu anayetisha, na kila anapotokea hufuatwa na dagaa, hofu huanza kupungua nguvu. Jambo linalosahauliwa ni mpangilio, kwamba mtu atangulie na dagaa wafuate. Mimi nilikosea mpangilio huo kwa wiki nzima. Nilikuwa natoa kopo la dagaa na kulitikisa ninapojua kwamba jirani yuko karibu kupita, na baada ya siku chache Bungo akaanza kukimbia kwa sauti ya kopo tu, kwani kopo limekuwa ndilo linalompasha habari kwamba mtu anakuja. Ilinibidi nibadilishe kopo, nitumie mfuko wa kitambaa, na nisiutie mkono mpaka Bungo mwenyewe awe amekwisha kumwona mtu.

Jirani huyo ni mzee wa zaidi ya miaka themanini, hatembei bila ya bakora, na bakora ndiyo iliyokuwa inamtisha Bungo kupita kitu chochote. Aliyempiga zamani bila ya shaka alitumia fimbo. Nilipomweleza mzee ninalokusudia, alisimama akanitazama kwa muda.

"Mwanangu, tangu lini mbwa akabembelezwa?"

"Ami, simbembelezi, namlipa. Kila akikuona wewe anapata ujira wake."

Alikubali, na baada ya hapo alikuwa mwangalifu kunizidi. Tulianza na bakora ikiwa imelazwa chini peke yake, mzee hayupo, na vipande vya dagaa vimetapakaa hatua chache kutoka hapo. Kisha mzee akawa anapita bila ya bakora kwenye mnazi wa mbali, takriban mita arobaini. Kisha akapita nayo ameishikilia chini ubavuni. Kipimo changu cha umbali kilikuwa mwili wa Bungo mwenyewe. Akilamba pua ilhali hakuna chakula, akipiga miayo ilhali hana usingizi, akiinua mguu mmoja wa mbele na kuganda, nilijua kwamba tumekaribia mno, nikamwashiria mzee arudi nyuma. Mbwa aliyepita kiwango chake cha hofu hawezi kula, na asipokula hakuna somo linaloingia.

Alipomngurumia mzee mara moja, mtoto wa jirani aliniuliza kwa nini simkaripii. Nilimwambia kwamba kunguruma ni onyo, na mbwa anayeadhibiwa kwa kuonya hujifunza kuacha kuonya, hofu ikabaki ile ile, na siku moja akamng'ata mtu bila ya kutoa sauti yoyote. Nilifurahi kulisikia lile onyo, kwa sababu liliniambia nirudi nyuma hatua tano.

Wiki ya tisa mzee alipita akiigonga bakora chini kama kawaida yake, kwenye mita nane. Bungo alimtazama mzee, kisha akageuza kichwa akanitazama mimi. Kwa anayefanya kazi hii, mgeuko huo wa kichwa ni mkubwa kuliko mbinu yoyote anayoweza kufundishwa mbwa, maana ni kama anauliza, yule pale, dagaa yuko wapi? Kuanzia hapo nilianza kugonga ulimi wangu kwenye kaakaa pale pale anapogeuka, na dagaa akafuata ndani ya sekunde moja au mbili, ili ajue ni tendo gani hasa analolipwa. Kwa sauti hiyo hiyo nilimfundisha kuja akiitwa, kukaa, na kuingia bandani, bila ya kumgusa wala kumvuta.

Mwezi wa Agosti Bungo alizaa watoto wanne. Watafiti wa Marekani John Paul Scott na John L. Fuller, waliofanya kazi kwa miaka mingi huko Bar Harbor, Maine, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1965, walieleza kwamba mtoto wa mbwa ana kipindi maalumu, kuanzia kama wiki ya 3 hadi ya 12, ambacho anayokutana nayo kwa usalama hayamtishi sana ukubwani. Sikutaka kipindi hicho kipotee chini ya uchaga. Niliwawekea karibu na banda mwavuli uliofunguliwa, ndoo iliyopinduliwa, redio yenye sauti ndogo na kanga kuukuu iliyoanikwa ipeperuke, kila siku kitu kimoja, nao wakaviendea kwa wakati wao. Wageni nilipenda waje Bungo akiwa upande wa pili wa shamba anakula, kwa sababu watoto humtazama mama, na akikimbia yeye nao hukimbia bila ya kujua wanachokikimbia. Watoto wa jirani walikaa juu ya jamvi wakirusha dagaa, na sharti lao lilikuwa moja, kwamba mbwa ndiye anayemwendea mtu.

Mmoja kati ya wanne hao alikuwa mwoga tangu mwanzo, pamoja na kwamba alipata yote waliyopata wenzake. Sikumlazimisha. Kwa ajili ya siku ya chanjo, waliyochanjwa walipotimiza miezi mitatu, nilivaa glovu na kumzoesha kuguswa bega kwa sekunde moja, kisha dagaa. Siku nyingine sekunde mbili, kisha dagaa. Daktari alipofika alitetemeka lakini alikula, nami nilihesabu hilo kuwa jambo jema. Wawili walikwenda kwa wakulima wa Mwera na Dole, baada ya kila mmoja kuja mara tatu kujifunza kurusha. Huyu mwoga na ndugu yake nimebaki nao.

Siku za sikukuu, watoto wanapopiga fataki, na nyakati za radi, sifundishi chochote. Nimemtengenezea Bungo pembe ya banda yenye magunia matatu, nami hukaa karibu naye nikiongea kwa sauti ya chini. Wengi husema kwamba ukimpoza mbwa anayeogopa unamzidishia hofu, nami sikubaliani nao, kwani hofu si tendo analolifanya ili alipwe.

Vespa bado. Sauti yake inapotoka barabarani Bungo hurudi chini ya uchaga ule ule wa mwanzo, ingawa sasa hutoka baada ya dakika chache badala ya siku nzima. Nimeanza na vespa iliyozimwa. Jana alasiri nilimwomba kijana mmoja asukume yake kwa mkono kutoka njiani hadi kwenye mnazi wa tatu, asimame, asiiwashe. Bungo aliinuka kivulini, akalamba pua mara moja, masikio yakarudi nyuma kidogo, kisha akageuka akanitazama. Nikagonga ulimi, nikamrushia vipande vitatu nyuma yake, na nikamwashiria kijana airudishe vespa njiani.